Nziii, pangaboi na nyayo za adui

Umeme ulikatika saa nane usiku na dakika zake, tukiwa katikati ya gemu, raundi ya 22, tunaongoza kumi na moja kwa kumi. Kompyuta ilizima kwanza. Pangaboi likazunguka mizunguko yake ya mwisho kwa uvivu, likasimama. Jokofu jikoni likaguna, likanyamaza. Nikavua hedifoni, nikaziweka mezani gizani, nikakaa kusubiri jenereta ya jirani, maana kwa kawaida hazipiti dakika mbili kabla haijawaka.

Haikuwaka.

Mtaa ukawa kimya kwa namna ambayo Dar haijui kuwa kimya, na ndani ya ukimya ule nikasikia kitu. Nziii. Sauti nyembamba, ya juu, haipandi wala haishuki. Nikadhani ni chaja ya simu. Nikaichomoa, ndipo nikakumbuka kwamba umeme wenyewe haupo. Nikatoka barazani nikidhani ni nyenje. Nziii ikanifuata barazani. Nikaziba masikio kwa vidole, na hapo ndipo ikakua.

Ilikuwa ndani yangu.

Asubuhi sikuisikia. Ama iliondoka, ama bajaji na wauza maandazi waliifunika. Lakini kwa wiki sita zilizofuata sikuweza kuvaa kitu chochote masikioni bila kuifikiria.

## Ubishi wa nyayo

Kabla ya usiku ule nilikuwa kwenye ubishi ambao kila mcheza gemu anaujua. Hedifoni kubwa za kufunika sikio zima, au zile iafoni za kuzama sikioni ambazo wanamuziki huziita monita? Kikosi chetu cha Counter-Strike, gemu la bunduki ambalo upande mmoja hutega bomu sehemu A au B na mwingine huzuia, ni watu watano, na tulikuwa na maoni sita.

Kigezo chetu kilikuwa kimoja tu: nyayo. Gemu lile ukikimbia unasikika, ukinyata husikiki, na uhai wako wa dakika ile unategemea kama umesikia kiatu kabla hujaona bunduki. Kwa hiyo swali letu usiku kucha lilikuwa hilo hilo: kifaa gani kinaleta nyayo vizuri zaidi?

Mmoja wetu alitoa ushahidi wa picha. Mashindano makubwa, ukumbi umejaa, wachezaji wamevaa hedifoni kubwa kama za marubani. "Mnaona? Kama iafoni zingekuwa na maana, hawa wanaolipwa wangevaa iafoni."

Kumbe wamezivaa. Kwenye kumbi kubwa za mashindano, ile hedifoni ya juu mara nyingi ni kinga ya kelele tu. Hupigishwa mvumo kama wa mvua ili mchezaji asisikie watangazaji wala mashabiki wakimtajia alipo adui. Sauti ya gemu yenyewe inatoka kwenye iafoni ndogo iliyozama sikioni, chini yake. Picha ile ile ikawa ushahidi wa pande zote mbili, na ubishi ukaendelea kana kwamba hakuna aliyesema kitu.

## Saa ya nne

Hedifoni zangu nilizipenda, niseme hivyo kabla sijazisema vibaya. Kampuni sitaitaja, mkosi wangu haunipi haki ya kuharibu biashara ya mtu. Dukani nilizivaa dakika moja, nikasikia besi ya wimbo ambao muuzaji huwapigia wateja wote, nikatoa pesa.

Dakika moja. Hicho ndicho kipimo cha dukani, na hakuna muuzaji atakayekuachia uvae saa nne huku feni imezimwa ili ujue ukweli.

Saa ya kwanza ni raha tupu. Saa ya pili jasho linaanza kukusanyika kwenye mito, unainua sikio moja kidogo upate hewa, kama mama anayefunua sufuria aone wali umefikia wapi. Saa ya tatu utosi unauma mahali pamoja, pale pale, kana kwamba mtu amekuwekea sarafu na kuikalia. Hedifoni nyingi za gemu zina gramu 300 na kitu. Kwa mkono hujui kama ni uzito. Utosi unajua.

Halafu kuna miwani. Mimi navaa miwani, na kitu hiki watu wenye macho mazima hawakiandiki. Mkono wa miwani unapita chini ya mto wa hedifoni. Mto unaubana ubavuni mwa kichwa mpaka unaacha mfereji, na wakati huo huo mkono wenyewe unauinua mto kidogo, pakabaki upenyo. Besi inavuja kutoka. Kelele ya chumba inavuja kuingia. Unapata maumivu na hasara kwa pamoja.

Na Dar. Ngozi ya mito ile ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa, na unyevu huivunjavunja taratibu. Unyevu sisi tunao wa kugawa. Mwaka wa pili mito ikaanza kubanduka magamba meusi, membamba, yananata kwenye jasho. Siku moja tumekaa kwenye daladala, mke wangu akanigeuza sikio taratibu, akaninong'oneza kwa huruma ya kweli: "Baba watoto, hii si fangasi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshafungua pochi anatafuta mafuta ya kupaka.

## Video ya zamani

Wiki moja baada ya umeme kukatika nilikuwa nafuta mafaili kupata nafasi, nikakuta video niliyojirekodi mwaka nilionunua hedifoni. Uchezaji wa kuaibisha. Lakini katikati ya video nilikuwa nimegusa kitufe cha sauti, na kwenye kona ya skrini namba ikatokea.

44.

Nikaangalia namba ya usiku ule kwenye kompyuta.

78.

Kompyuta ile ile, hedifoni zile zile, gemu lile lile. Hakuna siku hata moja niliyoamua kupandisha sauti mpaka 78. Nilipandisha mbili leo, tatu wiki ijayo, mto ulipobanduka, msimu wa joto ulipofika na pangaboi likawekwa namba tano, jirani aliponunua jenereta. Nilipanda ngazi bila kuhesabu vidato.

Shirika la Afya Duniani lina hesabu rahisi kwa jambo hili. Mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli tatu, muda unakatika nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa tano, 92 ni saa mbili na nusu. Nikachukua peni. Mimi hucheza saa nne, usiku tano kwa wiki. Saa 20. Maana yake kikomo changu ni desibeli 83 na hakuna nyongeza, na hapo sijasikiliza wimbo hata mmoja kwenye daladala.

Je, 78 ya kompyuta yangu ni desibeli ngapi? Huwezi kujua kwa simu. Programu za simu hupima sauti ya chumba, haziwezi kupima kilicho ndani ya sikio. Nilichojua ni kwamba mapitio ya tafiti 14, yaliyochapishwa Januari 2024 kwenye jarida la BMJ Public Health na kugusa watu zaidi ya 50,000, yaliona wacheza gemu mara nyingi wanakaribia viwango vya hatari au wanavipita. Tena gemu la bunduki ni baya kuliko muziki kwa namna yake. Muziki unakupasha joto kwanza. Bunduki hukupiga kofi ghafla, na wewe umeshapandisha sauti kwa ajili ya kiatu kinachonyata.

Hapo ndipo ubishi wa kikosi ulipoanza kuninukia vibaya.

## Pangaboi likizimwa

Nikaenda Kariakoo nikanunua monita za masikioni kwa 60,000, baada ya kuanzia 85,000. Muuzaji akanihakikishia: "Hizi ni za wanamuziki, kaka. Hata kwenye kwaya wanavaa hizi." Kwa hilo hakudanganya. Nilipofika nyumbani nikasoma zilikotoka, nikakuta hadithi iliyoingia moja kwa moja kwenye tatizo langu. Jerry Harvey alikuwa fundi sauti wa bendi ya Van Halen ya Marekani. Mpiga ngoma, Alex Van Halen, alikuwa haridhiki na spika za jukwaani. Ili ajisikie ilibidi zipige kwa nguvu ya kuangusha ukuta, na masikio yake yalikuwa yanalipa gharama. Harvey akamtengenezea iafoni za kuziba sikio, na mwaka 1995 ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears. Ziba kelele ya nje, halafu hutahitaji kuishinda. Wazo lenyewe ni hilo tu.

Usiku ule nikafanya jaribio ambalo nilipaswa kulifanya miaka mitatu nyuma.

Nilivaa hedifoni, pangaboi nimelizima, nikashusha sauti mpaka pale ambapo nasikia nyayo za kawaida bila kujikaza. Ikasimama 50. Nikawasha pangaboi namba tano. Nyayo zikazama. Nikapandisha mpaka ziibuke tena: 76. Namba 26 zote zile zilikuwa za kupigana na feni.

Nikavaa monita. Pangaboi limezimwa: 30. Pangaboi limewashwa: 33.

Nisieleweke vibaya. 33 ya monita huwezi kuilinganisha na 76 ya hedifoni, kwa sababu iafoni hutosheka na umeme kidogo sana, na namba ndogo inaweza kuficha sauti kubwa. Kilichonishtua ni pengo. Kifaa kimoja kilinidai namba 26 kwa sababu ya feni, kingine kikanidai tatu. Monita ikikaa sawasawa hupunguza kelele ya nje kwa desibeli 20 hivi au zaidi. Hedifoni yangu, na mito yake yenye magamba na mkono wa miwani uliouinua mto, ilikuwa nyumba isiyo na mlango.

Nikaandika kwenye kundi la kikosi: "Ubishi umekwisha. Monita."

Nilijipa siku kumi na nne za kujiona mjanja.

## Sauti kwenye mtungi

Kuna vitu havisemwi kwenye matangazo. Ukiziba masikio yote mawili, sauti yako mwenyewe inabaki kichwani kama umeingiza uso kwenye mtungi. Unasema "wawili wanakuja A" na unajisikia kama nabii. Nilichokuwa sijui ni kwamba jambo hilo humfanya mtu aongee taratibu. Kwa hedifoni nilikuwa nafoka, maana sijisikii. Kwa monita nikawa nanong'ona. Mke wangu aliuliza kama nimegombana na wale vijana.

Kula karanga ndiyo usijaribu. Ni kokoto kwenye mashine.

Pia husikii nyumba. Tulikubaliana akinihitaji awashe na kuzima taa mara mbili, na utaratibu huo unafanya kazi vizuri, isipokuwa usiku mmoja ambapo bomu liliwekwa, zimebaki sekunde 40, taa zikawakawaka, nikadhani ni umeme unataka kukatika tena. Alikuwa anataka kuniambia chai imepoa.

Nikiwa kwenye kuelea huko, rafiki mmoja aliniazima hedifoni zake za mgongo wazi, zile zenye matundu nyuma. Nilizivaa saa tano mfululizo, mito ya kitambaa, hewa inapita, sauti inakaa kama iko chumbani, wala si ndani ya fuvu. Kwa starehe sijawahi kuvaa kitu kinachofanana nazo. Na hazizibi kitu chochote. Pangaboi linaingia kama halijaona mlango, na kila risasi yangu ilisikika kitandani kwa mtu anayeamka saa kumi na moja. Ningekuwa naishi Makete, kwenye baridi isiyohitaji feni, chumba changu peke yangu, makala haya ningeyaandika kinyume.

## Anasikiliza kiatu

Mpwa wangu ana miaka kumi na mitano na alikuja likizo na laptopu yake. Nikamwomba anisaidie jambo. Tufungue Nuke, moja ya ramani za kuchezea za gemu lile, ikiwa tupu, sisi wawili tu. Mimi nisimame nifumbe macho, yeye akimbie, nami nitaje alipo.

Nuke niliichagua kwa makusudi. Sehemu zake mbili za bomu zimepangwa moja juu ya nyingine kama ghorofa. Unasikia mtu anakimbia na hujui kama yuko nawe au yuko chini ya miguu yako.

Kulia na kushoto hakuna kazi. Sauti ikitoka kulia hulifikia sikio la kulia kwanza, kwa tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kwa upande wa mbali kichwa chenyewe huikinga kidogo. Lord Rayleigh aliyaeleza haya mwaka 1907. Kazi iko kwenye mbele na nyuma, juu na chini. Huko ubongo husoma jinsi mikunjo ya sikio la nje ilivyoikwaruza sauti ikiwa njiani kuingia, na kila mtu ana mikunjo yake. Gemu huigiza mikunjo hiyo kwa hesabu za kichwa cha wastani, kichwa cha mtu ambaye hukumfahamu. Hedifoni hupiga sauti kwenye sikio lako la nje, ikachanganyika kidogo na mikunjo yako. Monita hulipita lote ikaingia ndani. Ndiyo maana wengine huapa kwamba hedifoni "zina upana". Ndiyo maana pia zile hedifoni zinazojisifia spika saba za kuigiza hukuvuruga: gemu limeshaigiza mara moja, zenyewe zinaigiza juu yake.

"Anko, niko wapi?"

"Nyuma."

"Mbele. Haya, sasa?"

Mbele na nyuma, hedifoni: saba kati ya kumi. Monita: saba kati ya kumi. Juu na chini, hedifoni: sita. Monita: tano. Kulia na kushoto sikukosea hata mara moja kwa chochote.

Miezi ya ubishi, na matokeo yangu ya juu na chini yalikuwa ya kurusha sarafu.

Kisha tukabadilishana. Mpwa wangu akatoa mfukoni iafoni iliyokuja bure na simu ya mama yake, upande mmoja umefungwa gundi ya karatasi, akafumba macho. Juu na chini: tisa kati ya kumi.

Nikamuuliza anafanyaje.

"Anko, mimi sisikilizi ulipo. Nasikiliza unakanyaga nini. Bati, ngazi, zege. Ukijua anakanyaga nini, unajua yuko wapi."

Nikamwambia arudie. Nikajaribu mimi kwa njia yake. Bati na zege niliweza kutofautisha akiwa karibu. Akisogea mbali kidogo, kwangu vyote vikawa tu, tu, tu, tu. Kwake bado vilikuwa na majina.

## Faili

Siku ya kumi na tano sikio la kushoto liliziba. Halikuuma, liliziba tu, kama nimetoka kuogelea Coco na maji hayajatoka, likafuatiwa na mwasho wa ndani unaokufanya utamani kuingiza funguo. Sikuingiza funguo. Niliingiza kijiti cha pamba, na daktari alipoangalia alijua kabla sijakiri.

"Umesukuma," alisema. Alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye taa ndogo kwenye paji la uso. "Nta ya sikio hutoka yenyewe, taratibu. Wewe umeweka kizibo mlangoni saa nne kila siku, halafu ukaja na fimbo ukairudisha ndani."

"Na mwasho, daktari?"

"Jasho limefungiwa. Ngozi ya mle ndani haitaki kuloa muda mrefu."

Akaisafisha. Nikamweleza ile nziii ya usiku. Akanipeleka kwenye kijumba cha kupimia, hedifoni kichwani, bonyeza kitufe ukisikia. Nilibonyeza kwa bidii ya mtu anayetaka kufaulu.

Aliporudi na karatasi, mstari ulikuwa unakwenda vizuri kama barabara ya lami, halafu kwenye hetsi 4000, yaani sauti nyembamba za juu, sikio la kushoto, ukazama kidogo, ukarudi juu.

"Unafanya kazi kiwandani?"

"Hapana, daktari. Mhasibu."

"Unapiga muziki?"

"Hapana. Gemu."

"Gemu gani?"

"La bunduki."

Akaandika kitu kwenye faili. Ningetoa pesa nijue aliandika nini.

Akanieleza kwamba kelele huanza kung'ata pale, maeneo ya hetsi 4000, na vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Kashimo kangu ni kadogo. Watu huishi nako. Lakini mimi mawazo yalikuwa yameshaondoka chumbani mle, yako Nuke, kwenye bati na zege. Kinachotofautisha bati na zege ni ule mkwaruzo mwembamba wa juu ya kishindo, na mkwaruzo huo ni jirani wa pale kwenye kashimo. Miaka mitatu nilikuwa napandisha sauti nisikie kiatu, na kilichokuwa kinaliwa ni kile kile ninachosikilizia kiatu.

Sikumwambia. Nililipa, nikapanda bodaboda.

## Mkanda wa karatasi

Sasa navaa monita, lakini si kwa sababu nilizoandika kwenye kundi siku ile. Nyayo zinakuja sawa kwa vyote viwili. Tofauti niliyodhani nasikia ilikuwa ya bei. Nazivaa kwa sababu kwenye chumba changu, na feni yangu, na miwani yangu, ndizo zinazoniruhusu kushusha sauti zaidi na kukaa pale saa ya nne bila utosi kulia. Utosi wangu umenishukuru. Sikio la ndani bado tunajadiliana.

Kila mechi ikiisha navua, hata kama wenzangu wanaita. Vipira vya monita vinavyoingia sikioni naviosha kwa maji na sabuni kidogo Jumapili na Jumatano, naviacha vikauke kabisa. Kijiti cha pamba kimehamia kwenye kusafisha kibodi. Zile za Bluetooth sikuzigusa. Kwa muziki ni tamu, kwa gemu nyingi zinakuletea mlio wa risasi ukiwa umeshakufa.

Na nimebandika kipande cha mkanda wa karatasi chini ya skrini, nimeandika kwa penseli: 33. Kwa sababu niligundua jambo ambalo monita hazikunisaidia kulizuia. Wiki ya nne nilikuta namba imefika 39. Feni ile ile, hakuna mto uliobanduka, hakuna kisingizio. Mkono umezoea kupanda tu.

Hedifoni za zamani nimezibadilishia mito, za kitambaa safari hii. Nazivaa Julai, kipupwe kikivuma na pangaboi limepumzika, nikicheza magemu ya polepole yasiyo na adui nyuma ya mlango. Kwenye kundi la kikosi ubishi umehamia kwenye panya wa kompyuta. Nimekaa kimya.

## Pakiti mbili

Jambo la mwisho lilinichukua muda kulitambua. Sikio la kulia lilikuwa linaziba vizuri, la kushoto linalegea kila nikicheka. Nikawa nalaumu waya, nikalaumu miwani, nikalaumu upasuaji wa meno wa mwaka 2019. Mpwa wangu ndiye aliyesogeza kiti, akaniangalia sikio moja, akazunguka akaangalia la pili.

"Anko, hili dogo."

Ni kweli. La kushoto linataka kipira kidogo, la kulia cha kati. Miaka yote hii sikujua.

Nikarudi Kariakoo kwa yule yule muuzaji. Nikamwomba kipira kimoja kidogo na kimoja cha kati.

"Jozi, kaka. Havikatwi."

"Masikio yangu hayalingani."

Akaacha kufunga mzigo wa mteja mwingine. Akanitazama kulia, akanitazama kushoto, akamwita mwenzake wa duka la jirani aje naye aone. Wakajadili kidogo. Mwenzake akasema la kulia ndilo lenye kasoro.

Nikanunua pakiti mbili. Vilivyobaki viko kwenye kopo la kahawa juu ya meza, vya kulia vingi vidogo, vya kushoto vingi vya kati, na kama kuna mtu mwenye kichwa kinyume cha changu, tuonane.